Bodi Iliyotiwa Dawa Inapozidi Kushika Tumbo: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Malalamiko mengi kuhusu rafu, sakafu za stoo za juu na dari za bodi hufika karakanani yakiwa na hukumu iliyokwisha kutolewa: bodi ni feki, dawa ilichakachuliwa, au fundi amekula pesa za mteja. Hukumu hizo mara nyingine ni za kweli, lakini aghalabu hutolewa na mtu aliyepima tumbo la bodi mara moja tu, siku aliyoliona. Bodi iliyoshuka milimita 15 leo haijasema mengi. Bodi iliyoshuka milimita 9 mwezi wa Agosti, 10 mwezi wa Desemba na 15 mwezi wa Februari imekwisha kutaja chanzo chake, ikiwa kuna mtu aliyekuwa akiandika.

Mwongozo huu unahusu mpindo wa polepole, ambao wahandisi huuita kripu, yaani ule unaoendelea kukua ilhali mzigo haujaongezwa hata kilo moja. Bodi zinazozungumziwa ni chipubodi (ya vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi), MDF (ya nyuzi laini za mbao zilizogandishwa vivyo hivyo), plaiwudi na zile za unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, hasa zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, bungua, kuvu au moto, au ambazo kemia ya mbao yenyewe imebadilishwa ili isinywe maji. Dawa inaweza kubadili mambo matatu: kiasi cha maji ambacho bodi hunywa, nguvu ya gundi inayoishikilia, na jinsi inavyostahimili joto. Kila dalili iliyoelezwa hapa chini inarudi kwenye mojawapo ya hayo matatu, isipokuwa zile ambazo dawa haihusiki nazo hata kidogo, na hizo si chache.

Uzi, rula na tarehe

Vuta uzi wa nailoni juu ya ukingo wa mbele wa bodi, kutoka juu ya tegemeo moja hadi juu ya jingine, kisha pima nafasi iliyo kati ya uzi na bodi pale katikati. Andika kipimo na tarehe kwa penseli upande wa chini wa bodi, mahali ambapo hakuna atakayepangusa. Rudia siku ya 2, ya 4, ya 8, ya 16 na ya 32. Siku hizo zinaongezeka maradufu kwa makusudi, kwa kuwa mbao hupinda kwa mwendo unaopungua kasi kadiri siku zinavyosonga. Bodi yenye afya huongeza kiasi kinachokaribiana kila muda unapokuwa maradufu: kile ilichoongeza kati ya siku ya 4 na ya 8 hakitofautiani sana na kile itakachoongeza kati ya siku ya 16 na ya 32, ingawa muda huu wa pili ni mrefu mara nne.

Ikiwa bodi inaongeza kiasi kilekile kila siku bila kupungua, iangalie kwa wasiwasi. Ikiwa kiasi cha kila siku kinazidi kile cha siku iliyotangulia, au unasikia mlio wa kukatika usiku nyumba ikiwa imetulia, acha kupima, toa mzigo wote siku hiyohiyo na uzuie watu kupita chini yake. Hiyo ni hatua ya mwisho kabla ya kuvunjika. Mwaka 1951 Lyman Wood, wa maabara ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Wisconsin, nchini Marekani, alionyesha kwamba mbao inayobeba mzigo mfululizo kwa miaka 10 huvunjika kwa takriban asilimia 60 tu ya mzigo ambao ungehitajika kuivunja katika jaribio la dakika chache. Kwa hiyo mwenye duka la Eastleigh anayejitetea kwamba marobota ya vitambaa yamekaa juu ya bodi hizo tangu mwaka juzi na hakuna kilichotokea anataja hatari akidhani anataja uthibitisho.

Mpindo uliokuwa mkubwa mwanzoni kisha ukatulia

Hapa kosa huwa la vipimo vya fundi, na dawa husingiziwa. Chukua rafu ya chipubodi yenye unene wa milimita 18, upana wa milimita 300, na nafasi ya milimita 900 kati ya tegemeo na tegemeo, ikibeba mafaili ya kilo 30 kwa kila mita. Ukakamavu wa chipubodi ya kawaida, yaani jinsi inavyokataa kupinda, ukichukuliwa kuwa megapaskali 2,500, rafu hiyo itashuka takriban milimita 7 siku ya kwanza. Eurocode 5, kanuni ya Ulaya ya ujenzi wa mbao, inaipa chipubodi ya ujenzi inayokaa mahali pakavu kizidishi cha 2.25 kwa mzigo wa kudumu. Maana yake ni kwamba milimita 7 za mwanzo zitaongezewa mara 2.25 yake, na jumla ifike karibu milimita 23. Chipubodi inayouzwa kwa ajili ya samani haikutengenezwa kubeba mizigo ya ujenzi, basi usiitarajie ifanye vizuri kuliko hapo.

Sogeza mategemeo yawe milimita 600, na mpindo wa mwanzo unashuka hadi milimita 1.4, wa mwisho hadi kama 4.5, kwa sababu mpindo hufuata urefu kwa kipeo cha nne. Kuongeza unene hadi milimita 25 huku ukiacha milimita 900 kunakupa karibu milimita 2.6 za mwanzo tu, kwa sababu unene hufanya kazi kwa kipeo cha tatu. Tegemeo moja la katikati ni rahisi kuliko bodi nene, na bado wateja huomba bodi nene.

Katika kanuni hiyohiyo plaiwudi inapewa kizidishi cha 0.80 mahali pakavu, nayo mbao nzima 0.60. Tofauti hiyo na ile 2.25 inatokana na kwamba katika chipubodi nyuzi za mbao zimekatwakatwa, na mzigo unapita kwenye gundi mara nyingi zaidi kabla ya kufika kwenye tegemeo. Pale ambapo nyuzi ni ndefu, mpindo wa polepole ni mdogo.

Mpindo unaoruka majira yanapogeuka

Dalili hii ndiyo inayowachanganya watu wa Nairobi kuliko zote, kwa kuwa bodi hushuka wakati ambao hakuna anayeitarajia kushuka. Mteja anasema rafu za jikoni zilistahimili mvua zote za vuli, kisha jua la Januari na Februari likawaka na rafu zikashika tumbo. Anahisi amelogwa. Wala hakuna uchawi: ni jambo lililoelezwa na Armstrong na Kingston nchini Australia mwaka 1960, kwamba mbao iliyobeba mzigo huku unyevu wake ukibadilika hupinda zaidi sana kuliko mbao ya aina hiyohiyo iliyobeba mzigo huohuo ikiwa na unyevu usiobadilika, hata kama hiyo ya pili ni mbichi muda wote. Kinachoiumiza ni kule kubadilika. Bodi inapolowa kwa mara ya kwanza ikiwa na mzigo hushuka. Inapokauka hushuka tena. Inapolowa mara ya pili inaweza hata kuinuka kidogo, lakini ikikauka inapoteza zaidi ya ilichorudisha. Ndiyo maana kipimo cha Februari huwa kibaya kuliko cha Novemba.

Nairobi ina mabadiliko ya kutosha kwa jambo hili. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80 huifanya mbao isiyotiwa dawa itulie kwenye unyevu wa takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu; hewa ikishuka hadi asilimia 40, mbao hutulia karibu na 8. Asubuhi ya Julai yenye wingu zito na alasiri ya Februari zinakaribia ncha hizo mbili, na ndani ya nyumba kuna mabadiliko madogo ya kila siku juu ya sinki, nyuma ya friji, na kwenye ukuta uliopakana na bafu. Bodi nyembamba isiyozibwa kingo huyafuata mabadiliko hayo kwa haraka.

Hapa ndipo dawa inapoingia, na inaingia kwa pande mbili zinazopingana. Chumvi nyingi za kuzuia moto, hasa fosfati za amonia, hupenda maji kuliko mbao yenyewe. Hewa ikipita unyevunyevu wa asilimia 80, bodi iliyotiwa chumvi hizo hunywa maji mengi zaidi ya jirani yake isiyotiwa kitu, kisha huyatoa jua linaporudi. Tafuta unga mweupe au fuwele kwenye uso, ubaridi wenye unyevu unapogusa asubuhi, na kutu inayozunguka vichwa vya skrubu. Ukiziona zote tatu kwenye bodi iliyouzwa kama ya kuzuia moto, chanzo umekipata. Suluhisho si kuongeza dawa. Ziba kingo zote kwa vanishi au rangi isiyopitisha mvuke, hasa zile zilizokatwa baada ya bodi kutoka kiwandani, punguza nafasi kati ya mategemeo, na ikiwa chumba ni cha mvuke ondoa bodi hiyo kabisa, kwa kuwa aina iliyotengenezwa kwa matumizi ya ndani na makavu haitabadilika tabia kwa sababu umeipaka rangi.

Upande wa pili ni dawa inayofanya mbao ichukie maji. Mbao iliyopikwa kwa anhidridi ya asetiki hadi uzito wake ukaongezeka kwa karibu asilimia 20 hunywa chini ya nusu ya maji ambayo ingekunywa, na mpindo unaoletwa na mabadiliko ya unyevu hupungua pamoja nayo. Accoya, inayotengenezwa Arnhem nchini Uholanzi tangu mwaka 2007, ni ya aina hiyo. Ukikuta mbao kama hizo zimeshika tumbo, usianze na unyevu. Kemia hiyo haiongezi ukakamavu wa kutajika, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya nafasi na unene. Angalia pia skrubu, kwa kuwa mabaki ya asidi ya asetiki, ambayo utayanusa kama siki, hula chuma cha kawaida. Huko skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kuna jaribio dogo linalotenganisha dalili hii na ile iliyotangulia. Ondoa mzigo wote na uendelee kupima kwa wiki mbili. Sehemu ya mpindo hurudi papo hapo, sehemu hurudi kwa siku kadhaa, na kinachobaki ni cha kudumu. Mpindo ulioletwa na majira huendelea kurudi kila hewa inapobadilika hata baada ya wiki hizo mbili, ikiwa bodi imebaki bila mzigo. Wapo mafundi wanaogeuza rafu juu chini na kuurudisha mzigo, na mteja anafurahi kuona bodi ikinyooka yenyewe. Inanyooka kweli, kisha inaendelea na safari yake kuelekea upande wa pili.

Bodi iliyo chini ya mabati

Sehemu hii inahitaji tahadhari kuliko nyingine, kwa sababu mpindo hapa ni dalili ya nje ya uharibifu mkubwa zaidi ulio ndani. Katika miaka ya 1980 nchini Marekani, plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia moto ilitumiwa kwa wingi kwenye mapaa ya nyumba za familia nyingi, mahali pa kuta za kuzuia moto zilizokuwa zikichomoza juu ya paa. Ndani ya miaka michache plaiwudi nyingi ziligeuka rangi ya kahawia iliyokolea, zikashuka kati ya boriti na boriti, na nyingine zikavunjika chini ya miguu ya waliopanda kukarabati. Dawa zile zilikuwa zimeundwa zigeuke asidi moto unapowaka, ili mbao itoe makaa badala ya gesi zinazoshika moto. Baadhi yake zilianza kugeuka asidi kwa joto la kawaida la paa lenye jua, na asidi hiyo ikala hemiselulosi, ambayo ndiyo sehemu ya mbao iliyo dhaifu kuliko zote mbele ya asidi na joto.

Huku kwetu hali inayofanana na hiyo ni bodi ya kuzuia moto iliyopigiliwa karibu na mabati yasiyo na nafasi ya hewa, katika maghala, katika vibanda vya juu ya maduka, au chini ya paa ambalo mwenye nyumba alilifunga pande zote ili popo wasiingie. Niliwahi kuitwa kutazama dari ya ghala moja ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kununua vyuma vya kuikaza. Nilipochokoa bodi kwa ncha ya bisibisi, ilimeguka kama biskuti iliyokaushwa, bila kutoa vibanzi virefu. Vile vyuma vingeshikilia vumbi.

Basi jaribio la kwanza chini ya mabati ni la bisibisi, kabla ya uzi. Inua kibanzi kwenye uso wa plaiwudi. Mbao nzima hutoa kibanzi kirefu kinachong'ang'ania. Mbao iliyoliwa na asidi hukatika fupi, bila mlio mkubwa, na pale ilipokatika huwa pabapa kama kipande cha chaki. Linganisha pia rangi ya upande unaotazama mabati na ile ya upande wa chini. Upande wa juu ukiwa umekolea kahawia na wa chini bado ni mweupe, joto limefanya kazi yake. Bodi ya namna hiyo haikazwi, haipakwi rangi na haiongezewi boriti. Inatolewa, na anayeitoa hasimami juu yake. Mbadala wake uwe ni bodi ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba dawa yake imejaribiwa kwa joto la paa, na kati yake na mabati pabaki nafasi yenye mlango wa hewa pande zote mbili.

Kingo zilizovimba na tabaka zinazoachana

Gonga bodi kwa kifundo cha kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mlio ukibadilika ghafla ukawa mzito na mtupu, tabaka zimeachana hapo, na bodi ya milimita 18 inafanya kazi kama bodi mbili za milimita 9 zilizolala moja juu ya nyingine. Bodi mbili za aina hiyo zina robo tu ya ukakamavu wa ile moja, kwa hiyo mpindo wa mwanzo unakuwa mara nne hata kama mbao yenyewe haijaharibika.

Chanzo cha kawaida ni gundi ya urea-fomaldehaidi, ambayo ni nafuu, haina rangi, na huvunjwa na maji yakisaidiwa na joto. Gundi ya fenoli, ambayo huacha mstari wa kahawia iliyokolea kati ya tabaka, hustahimili. Ya melamini iliyochanganywa na urea iko katikati. Anayeuziwa plaiwudi ya marini, yaani ile inayodaiwa kustahimili maji, anaweza kuchemsha kipande chake. Cha urea tupu huanza kuachana ndani ya saa chache, wakati cha fenoli hustahimili hata saa 72. Usitumie sufuria ya kupikia. Na kama mbao ni ya kijani kwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, usichemshe kipande wala kukitia kwenye jiko la kuni, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye majivu.

Dawa inaweza pia kuharibu gundi ambayo kwa kawaida ni nzuri. Boraksi na asidi ya boriki, ambazo hupendwa kwa sababu huua bungua bila kuwadhuru sana watu, huifanya gundi ya fenoli igande mapema, kabla haijapenya na kushika. Ndiyo sababu viwanda vingi vya bodi za vipande vikubwa hutumia borati ya zinki, isiyoyeyuka kwa urahisi. Ukikuta plaiwudi yenye mstari wa kahawia wa fenoli na bado tabaka zinaachana zikiwa safi, bila nyuzi za mbao kushikamana na gundi, huenda dawa na gundi hazikupatana tangu kiwandani. Tabaka zikiachana huku nyuzi zimeng'oka, gundi ilikuwa imara na mbao ndiyo iliyoshindwa, kwa hiyo chunguza maji na mzigo.

Bodi iliyonyooka kwenye rafu iliyoshuka

Kabla ya kuandika lolote, weka pimamaji na upime kimo cha bodi kwenye ncha zake mbili. Mara nyingi ncha zenyewe zimeshuka: kipini cha rafu kimezama kwenye chipubodi, au skrubu imelegea. Dawa mpya za shaba zisizo na aseniki hula skrubu zilizopakwa zinki nyembamba. Pale tumia zilizochovywa kwenye zinki ya moto, au za chuma kisichoshika kutu.

Sakafu za baraza za mbao na plastiki

Kwenye baraza za nyumba za Kileleshwa na Kilimani, bodi za unga wa mbao na polithini zimekuwa maarufu kwa kuwa haziliwi na mchwa kwa urahisi. Tabia yake ni ya plastiki zaidi kuliko ya mbao. Huwa kakamavu asubuhi na kulegea alasiri, na zenye rangi nyeusi hulegea zaidi. Dawa inayounganisha unga wa mbao na plastiki, aghalabu yenye anhidridi ya maleiki, hupunguza mpindo lakini haiubadilishi mwendo wake. Vipimo vyake vichukuliwe saa ileile kila mara, tuseme saa tatu asubuhi, la sivyo utakuwa unapima jua. Ikiwa bodi imeshuka kati ya boriti, boriti ziongezwe. Kuigeuza bodi hakusaidii, na vyungu vikubwa vya maua vihamishiwe juu ya boriti.

Baada ya kukaza, kupunguza nafasi au kubadilisha bodi, futa vipimo vya zamani vilivyo upande wa chini na uanze upya kwa siku ya kwanza. Kwa bodi za ujenzi, kanuni ya Marekani ya ASTM D6815 inataka siku 90 za mzigo usiobadilika, mpindo usizidi mara mbili ya ule wa mwanzo mwishoni mwake, na kasi iwe inapungua. Kazi ya nyumbani inaweza kutumia kipimo hicho bila maabara. Ikiwa ukarabati umefanywa Oktoba, andika chini ya bodi tarehe mbili za kurudi: moja ya Januari katikati, siku 90 zitakapokuwa zimetimia, na nyingine ya mwisho wa Februari, wakati ukavu wa kiangazi utakuwa umefanya kazi yake.